Mwalimu Mwaija na Ndui ya Zinga

Mtaa wa Gongoni, mjini Bagamoyo, palikuwa na mwanamke mmoja jina lake Mwaija binti Ausi, aliyesomesha watoto Kurani barazani kwa marehemu baba yake. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mrefu, mkavu, uso wake umejaa makovu ya ndui iliyompata utotoni. Hakuolewa. Wazee waliokuja kumposa siku za usichana wake walikaa barazani, wakanywa kahawa, wakamchungulia, wakaaga. Baba yake alipoona hivyo akamfundisha yote aliyoyajua, na alipofariki akamwachia mkeka, bakora na watoto wa watu.

Bakora hakuitumia sana. Alikuwa na njia yake nyingine ya kuwalea wanafunzi, na njia hiyo iliwaudhi wengi. Kila Alhamisi chuo kizima kilitoka kwenda kufagia msikiti na kujaza maji birika. Kila mwanafunzi mkubwa alikabidhiwa mdogo mmoja: amshike mkono akiandika, amwoshee ubao, amfuate kwao asipoonekana. Mdogo akikosa, wa kwanza kuulizwa alikuwa mkubwa wake.

"Mtoto anaweza kuijua Yasini nzima kwa moyo," alikuwa akiwaambia, "lakini akimpita mgonjwa njiani bila kugeuka, huyo kwangu bado yuko kwenye alifu."

Mji ulinung'unika. Siku zile, kwa waungwana wa Bagamoyo, ufagio na mtungi vilikuwa vitu vya watumwa. Aliyenung'unika kuliko wote ni Mwinyi Kombo, mwenye minazi mingi upande wa Kaole, ambaye binti yake Mina, mtoto wa miaka tisa, alikuwa akija chuoni na kijakazi nyuma amembebea ubao.

"Mwalimu, nimekuletea mwanangu asome," alisema Mwinyi Kombo siku moja, amesimama kizingitini. "Mtungi nina watu wa kuubeba."

"Najua unao, Mwinyi. Ila adabu hawawezi kumbebea."

Mwinyi Kombo alicheka bila kutaka, akaenda zake, Mina akabaki. Mwalimu akamkabidhi kwa Sikuzani, msichana wa miaka kumi na mitatu, mtoto wa muuza vitumbua mmoja aliyeachwa huru na bwana wake. Sikuzani naye alikuwa na makovu ya ndui usoni. Mwezi wa kwanza Mina alikataa kukaa naye mkeka mmoja. Alimwita mwenye uso ulioliwa na panya. Sikuzani aliendelea kumshika mkono juu ya kalamu, herufi baada ya herufi. Ulipoingia mwezi wa Ramadhani, Mina alikuwa hataki kurudi kwao mpaka Sikuzani amsindikize, na ubao aliubeba mwenyewe.

Basi, katika Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, wa mwaka 1304, ambao kwa hesabu ya Wazungu ni 1887, Mwalimu Mwaija alifanya safari yake ya kila mwaka. Aliwachukua wanafunzi kumi na wanne kati ya kumi na tisa kwenda Zinga, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kusini ya mji, kwenye shamba la ndugu yake Muhidini. Huko wangekaa siku tano wakiwavunia mpunga wajane na wasiojiweza. Mina alilia kwa mama yake, Bi Dija, mpaka akaruhusiwa. Mwinyi Kombo hakupenda.

"Ni amana," alimwambia Mwalimu. "Nataka irudi kama ilivyotoka."

"Inshallah itarudi kama ilivyotoka," alijibu Mwalimu Mwaija.

Siku ya pili asubuhi watoto kumi na wanne walikuwa shambani kwa Bi Tabia, mjane ambaye nuru ya macho ilikuwa imeanza kumtoka, wakikata masuke na kuimba. Mwishoni mwa shamba, ng'ambo ya kidimbwi, palikuwa na dungu bovu la kulindia ndege. Sikuzani aliyekuwa mbele alisimama ghafla.

"Mwalimu, kuna mtu anakoroma kule."

Mwalimu alitangulia. Chini ya dungu alilala mwanamume juu ya kipande cha mkeka, amefunikwa merikani chafu, nzi wamemjaa. Uso wake wote ulikuwa malengelenge yaliyotuna usaha. Mwalimu alijua alichokiona kabla hajakikaribia.

"Simameni hapo hapo!" alipiga kelele bila kugeuka. "Asiyeugua ndui asivuke dimbwi. Hata mmoja!"

Aliyekwisha kuugua ndui haimrudii tena. Hilo kila mtu wa pwani alilijua. Lakini kati ya watoto wale kumi na wanne, mwenye makovu alikuwa mmoja tu. Sikuzani alisita. Hakuwahi kuitwa mbele ya wenzake kwa ajili ya uso wake ila kwa kutaniwa. Kisha akaweka kisu chake chini, akavuka.

Mgonjwa alifumbua jicho moja. "Mama," alisema, "maji."

Jina lake lilikuwa Mihambo, Mnyamwezi wa Unyanyembe. Alikuwa mpagazi wa pembe katika msafara uliopita siku tatu nyuma, na alipoanza kutoka malengelenge nyapara akaamuru mzigo wake agawiwe mwingine, yeye aachwe. Watu wa Zinga walimjua yupo. Walikuwa wakizunguka njia ya mbali.

Muhidini aliposikia alikuja mbio mpaka ukingoni mwa dimbwi, kofia mkononi. "Dada, waondoe watoto hawa leo hii! Unataka kuniulia kijiji?"

Hapo ndipo Mwalimu Mwaija alipopima, na upimaji ule aliukumbuka maisha yake yote. Akiondoka na watoto, Mihambo hatapata tone la maji. Mpunga wa Bi Tabia ulikuwa haujafika nusu. Na alikuwa amewafundisha wale watoto miaka mingapi kwamba mgonjwa hapitwi? Sasa wamwone mwalimu wao anampita? Aliwatazama wamejipanga ng'ambo, kila mdogo ameshikwa mkono na mkubwa wake, isipokuwa Mina aliyesimama peke yake.

"Watavuna upande ule," alisema. "Huku tutakuja mimi na Sikuzani. Mpaka ni dimbwi."

Kwa siku mbili mpaka ule ulishika, au yeye aliamini umeshika. Wao wawili walimtandikia mgonjwa majani ya mgomba, wakamfukuzia nzi, wakamnywesha maji na uji mwepesi kwa kata. Walioga kwa majivu kila walipotoka, wakalala kibanda chao mbali na wenzao. Watoto wengine waliwaletea mitungi, wakaiweka ukingoni na kurudi nyuma. Mihambo aliwatajia jina la mama yake na la kijiji chao, ili mtu akipita kuuliza apate la kuambiwa. Siku ya nne, jua linachomoza, alifariki. Wazee wawili wa Zinga wenye makovu ya zamani walikuja na majembe wakasaidia kumzika, kisha wakaondoka.

Sikuzani alibaki amesimama kando ya udongo mbichi, kata mkononi.

"Mwalimu, maji yote yale tumechota ya bure?"

"Hakufa na kiu," alisema Mwalimu.

Sikuzani akaanza kulia. Mwalimu alidhani analia msiba, akamwacha. Lakini kilio kilizidi, mpaka msichana akaketi chini na kujifunika uso kwa kaniki yake.

"Mina aliingia," alisema.

"Aliingia wapi?"

"Kwa mgonjwa. Juzi, adhuhuri. Wewe ulikuwa unasali, mimi nilikwenda kisimani. Niliporudi nilimkuta amempakata kichwa mapajani anamtonesha maji. Nilimburura, nikamwosha, nikamsugua majivu mwili mzima, nikamwambia asiseme."

Mwalimu Mwaija alihesabu siku. "Siku mbili umekaa kimya?"

"Niliogopa, Mwalimu. Nyumba yetu iko kwenye kiwanja cha Mwinyi Kombo. Atamtoa mama yangu."

Hakumgusa. Alivuka dimbwi, akamwita Mina aje peke yake, akamsimamisha mbali na wenzake.

"Ni kweli ulimshika yule mgonjwa?"

Mina alitazama miguu yake. "Alikuwa anaita maji na Sikuzani hayupo. Si ulisema anayempita mgonjwa bado yuko kwenye alifu?"

Mkono wa Mina ulikuwa na unga wa majivu bado, katikati ya vidole.

Njia zilikuwa mbili, na ile mbaya ilikuwa nyepesi. Angeweza kumrudisha mtoto kwao kesho kama walivyoagana, akanyamaza. Huenda lisitokee lolote. Na likitokea, nani atasema limetoka wapi? Misafara ilikuwa ikiingia Bagamoyo kila siku na maradhi yake. Lakini Bi Dija alikuwa na mtoto mchanga anayenyonya, na nyumba ile ilikuwa imejaa watu ambao ndui haijawahi kuwagusa. Mwalimu alikaa na fikira hiyo kwa muda wa kuchemsha chungu cha maji, akaona aibu kwamba amekaa nayo muda wote huo.

Alimwacha Mina na Sikuzani katika kile kibanda chao ng'ambo ya dimbwi, akaoga, akabadili nguo zote, akaongozana na Muhidini na watoto wale kumi na wawili mpaka Bagamoyo. Mwalimu alimweleza kila mzazi kwa kinywa chake nini kilitokea. Milango mingine ilifungwa kabla hajamaliza. Wa mwisho alikuwa Mwinyi Kombo. Mwalimu hakupanda baraza yake, alisimama njiani, kwenye jua.

"Amana yangu iko wapi?" aliuliza Mwinyi Kombo, akihesabu kwa macho watoto waliobaki mtaani.

Alimwambia. Hakuficha neno, ila jina la Sikuzani hakulitaja.

"Nani alikuwa akimwangalia?"

"Mimi, Mwinyi."

Mwinyi Kombo aliinuka na fimbo yake. Watu waliokuwa barazani wakainuka naye. Alishuka ngazi moja, ya pili, akasimama.

"Nilikwambia sitaki mwanangu afanye kazi za watumwa. Nilikwambia au sikukwambia?"

"Uliniambia."

"Mina akifa, usirudi Gongoni. Baraza ile nitaitia moto kwa mkono wangu, na wewe umo ndani au haumo, ni shauri lako."

Kutoka nyuma ya mlango ikaja sauti ya Bi Dija, ndogo, imekauka. "Anakula nini huko, Mwalimu?"

"Anakula vizuri, Bi Dija. Wali mpya na samaki."

"Hali samaki wa miiba. Mwangalie."

Alirudi Zinga alasiri ileile, ana kibuyu cha samli na mto mdogo wa Mina ambao kijakazi alimkimbilia nao mpaka mwisho wa mtaa.

Wajuzi wa pwani walikuwa wakisema ndui hujificha mwilini siku kumi na mbili kabla haijajitokeza. Mwalimu Mwaija alizihesabu. Kila alfajiri kabla hajasali aliweka kiganja kwenye paji la uso la Mina, na kila alfajiri lilikuwa baridi. Mchana waliendelea na masomo, watatu tu, chini ya paa la makuti. Mina alisoma, akakimbiza kuku, akagombana na Sikuzani juu ya nani ameficha kalamu. Siku moja moja Bi Dija alikuja na mtumishi, akasimama ng'ambo ya dimbwi, mtoto mchanga amemwacha nyumbani. Mina alimpungia mkono akamwonyesha ubao wake ulioandikwa pande zote mbili. Mwalimu alikuwa akigeuza uso asiwatazame.

Siku ya tisa ikapita, ya kumi, ya kumi na moja. Siku ya kumi na mbili Muhidini alithubutu kufika mpaka kwenye dimbwi, akacheka. "Dada, Mungu amekustiri." Mwalimu naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akachinja jogoo.

Asubuhi ya siku ya kumi na tatu Mina hakuamka kuosha ubao.

"Mgongo unaniuma," alisema.

Kiganja cha Mwalimu kiliungua. Kwa siku tatu mtoto aliwaka homa, akatapika, akaongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Siku ya nne homa ikashuka kidogo, na Mwalimu alipomfungua kinywa kumpa maji akaviona vidoa vyekundu kwenye ulimi. Jioni vilikuwa vimeshika kipaji cha uso.

Akili za Mina zilikuwa zimemrudia. Aliitazama mikono yake.

"Mwalimu, na mimi nitakufa kama Mihambo?"

Sikuzani aligeuka upesi, akimwomba Mwalimu kwa macho aseme hapana. Lakini yeye hakuwahi kumdanganya mwanafunzi, na hakujua pa kuanzia.

"Sijui, mwanangu. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wewe, na sikufa. Sikuzani hakufa. Tutakuwa hapa sote wawili."

Mina alifikiri. "Basi msinifunge mikono."

Ilibidi wamfunge, vidole kwa vitambaa laini, asijichune. Walimtandikia majani ya mgomba, wakiyabadilisha kila yanaponata. Malengelenge yalijaa, yakatuna, uso ukavimba mpaka macho yakapotea. Siku ya tisa ya ugonjwa koo lilifunga. Hakuweza kumeza hata mate, na pumzi yake ikawa inakoroma, sauti ileile waliyoisikia chini ya dungu. Sikuzani alichovya pamba kwenye maji, akaikamua pembeni mwa midomo, tone, akangoja, tone, akangoja. Alikuwa hajalala tangu juzi.

Mchana ule Mwinyi Kombo alikuja. Hakuwa na mtu. Watumishi wake walikuwa wamekataa kupita mwembe wa mwisho wa kijiji. Alifika ukingoni mwa dimbwi akainua kanzu yake avuke.

"Usivuke!" Mwalimu Mwaija alitoka kibandani, mikono imejaa samli na damu. "Una mtoto mchanga nyumbani, na hujaugua. Rudisha mguu!"

Mwinyi Kombo hakuwahi kuamrishwa na mwanamke maishani mwake. Mguu mmoja ulikuwa ndani ya maji. Alisikia ule mkoromo kutoka kibandani, akauelewa.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

Alirudisha mguu. Aliketi chini, kwenye matope, na kanzu yake nyeupe. Akauliza, kwa sauti ambayo Mwalimu hakuitambua, "Nifanye nini?"

"Maji yametuishia. Msichana huyu hana nguvu za kwenda kisimani."

Alitazama nyuma kwa mazoea, kama anayetafuta mtu wa kumtuma. Hapakuwa na mtu. Akainuka, akauchukua mtungi uliokuwa ukingoni, akaenda. Alirudi ameimwagia kanzu nusu ya maji, kwa kuwa hakujua kuubeba, akauweka, akarudi nyuma hatua ishirini kama watoto walivyokuwa wakifanya. Akaenda tena. Mpaka alasiri alijaza mitungi sita, na baina ya mtungi na mtungi alikaa akisikiliza.

Karibu na Magharibi mkoromo ulikatika. Mwinyi Kombo alisimama. Kibandani Mwalimu aliinamia kinywa cha Mina, akasikia pumzi nyembamba inapita bila kukwaruza. Usaha wa kooni ulikuwa umepasuka. Sikuzani alikamua pamba, na koo la mtoto likapanda na kushuka.

"Amemeza!" Sikuzani alipiga ukelele. "Mwalimu, amemeza!"

Kutoka ng'ambo ya dimbwi Mwalimu na Sikuzani walimsikia mwanamume mzima analia.

Magamba yalikauka, yakaanguka. Mwisho wa Mfunguo Pili walichoma moto kibanda, majani, nguo, na ule mto mdogo, wakarudi Bagamoyo. Mina alikuwa na makovu mashavuni na kipajini, na jicho lake la kushoto liliona ukungu tu. Mwalimu alimfikisha mlangoni kwao. Bi Dija alimshika mtoto uso kwa mikono miwili, akautazama muda mrefu, akamwingiza ndani. Hakusema asante wala hakutukana. Mwinyi Kombo hakuitia moto baraza. Mama yake Sikuzani hakutolewa kiwanjani. Lakini kwa mwaka mzima Mwinyi Kombo alipokutana na Mwalimu njiani alipita upande wa pili, na yeye hakumlaumu.

Kati ya wanafunzi kumi na tisa walibaki saba. Mwalimu aliwasomesha wale saba. Alhamisi walifagia msikiti kama kawaida, ila Zinga hakuwapeleka tena mwaka uliofuata. Watu wengine mjini walisema amefanya jambo la dini. Wengine walisema ameharibu binti wa mtu kwa ajili ya Mnyamwezi aliyekwisha kuwa maiti. Sikuzani alimwuliza mara moja, wakianika mikeka, kama anajuta.

"Kwa kumpa maji, hapana," alisema Mwalimu. "Kwa kutowarudisha watoto siku ile ile, naam. Kila siku. Yote mawili ninayo, Sikuzani, usiniulize lipi zito."

Asubuhi moja, mwaka wa pili unakaribia kwisha, Bi Dija alikuja Gongoni amejifunika shuka mpaka machoni. Nyuma yake alikuwa Mina, amerefuka, ubao kwapani.

"Anataka kusoma," alisema Bi Dija.

"Na baba yake anasemaje?"

"Ametutazama tukitoka, akaendelea kunywa kahawa yake."

Mwalimu Mwaija alisogea, akampa Mina nafasi mkekani upande wa mwanga. Mtoto aliuinua ubao karibu kabisa na uso, akaugeuza kulia, akaugeuza kushoto, akitafuta herufi kwa jicho lililobaki. Mwalimu aliuchukua ubao taratibu, akaufuta. Kisha akaongeza masizi kwenye kidau mpaka wino ukawa mzito, akachonga kalamu mpya yenye ncha pana, akaanza kumwandikia, kwa herufi kubwa kubwa, mstari mmoja tu ubao mzima.